Sura ya 6: Admini ni Nani?

Jumatatu ya tarehe 28 Agosti 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya, katika jengo lake la City Hall Way katikati ya Nairobi, ilitoa amri iliyojaa msamiati wa wahandisi wa kompyuta. Kesi ilikuwa ya uchaguzi wa urais uliofanyika tarehe 8 mwezi huo. Raila Odinga na Kalonzo Musyoka walikuwa wakiyapinga matokeo. Tume ya uchaguzi, IEBC, ambayo wakati huo ofisi zake zilikuwa Anniversary Towers, mwendo wa miguu kutoka mahakamani, ilikuwa ikiyatetea.

Majaji walitaka kuiona sera ya tume kuhusu nywila. Walitaka jedwali la nywila hizo, aina za watumiaji wa mfumo, na kiwango ambacho kila aina iliruhusiwa kufikia. Walitaka kuwajua washirika wa kiufundi na ruhusa walizopewa. Walitaka kumbukumbu za watu na mitambo iliyoingia kwenye seva, pamoja na kumbukumbu za maadmini walioingia kwenye tovuti ya tume tangu tarehe 5 Agosti.

Ukiiondoa siasa yote iliyoizunguka kesi ile, unabaki na maswali manne: nani ameruhusiwa, kufanya nini, wapi, na kwa idhini ya nani. Tume ilileta baadhi ya yaliyoagizwa na mengine haikuyatoa kwa ukamilifu. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili waliubatilisha uchaguzi. Katika hukumu kamili ya tarehe 20 Septemba, walio wengi walisema kwamba kutofunguliwa kwa seva kuliwaacha bila njia ila kuyakubali madai ya waombaji: ama mfumo uliingiliwa, ama maafisa wenyewe waliichezea data, ama tume ilivuruga upitishaji wa matokeo na haikutaka kukiri.

Kati ya hukumu hizo mbili ulivuja waraka wa tarehe 5 Septemba, kutoka kwa mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, kwenda kwa afisa mkuu mtendaji, Ezra Chiloba. Miongoni mwa mambo aliyotaka kuelezwa ni kwa nini akaunti ilifunguliwa kwa jina lake bila yeye kujua wala kuridhia, ikatumika mara 9,934. Majibizano yaliyofuata ndani ya tume hatuna haja nayo hapa. Kinachotuhusu ni kwamba mkuu wa taasisi alikuwa akiuliza, baada ya kazi kwisha, jina lake lilikuwa limepewa uwezo gani ndani ya mfumo wa taasisi yake mwenyewe.

Kampuni ya programu ya watu 30 pale Kilimani haitangazi rais wa nchi. Hata hivyo maswali manne ya mahakama inayo, na kwa kawaida majibu haina. Sura hii inahusu kazi isiyopendwa na mtu ofisini: kugawa, kufuatilia na kuondoa uadmini pale ambapo miradi ni mingi na kila mradi una chumba chake mtandaoni. Hoja yangu ni kwamba uadmini ni sehemu ya kazi, kama vile kushika stakabadhi ni sehemu ya kazi ya mhasibu, na unapaswa kuja na kazi na kuondoka na kazi. Ukigeuzwa kuwa heshima anayopewa mtu, hauhesabiki tena wala haurudi.

Kutoka Ngong Road

Nairobi ililijua tatizo hili mapema. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao walitengeneza Ushahidi, tovuti ya kupokea ripoti za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Programu yake iliachwa wazi ili yeyote aichukue na kuitumia. Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi Januari 2010, ramani ya Ushahidi ilifunguliwa kwa ajili ya waathiriwa. Mwaka huohuo ikaja Crowdmap, huduma iliyomwezesha mtu kufungua ramani yake bila kuwa na seva.

Hapo ndipo tatizo lilipobadilika. Ramani moja ina admini mmoja au wawili, nao wanajuana. Ramani mia moja zina maadmini mia na zaidi, wengi wao hawajaonana kamwe, na kila mmoja anashughulika na watu wa nchi yake. Anayesoma ripoti na kuamua kama ionekane kwenye ramani hana sababu ya kuweza kupakua namba za simu za wote walioripoti. Wakati wa ghasia, namba hizo zikitoka zinaweza kumwelekeza adui hadi mlangoni mwa mtu. Ndiyo maana Ushahidi ya baadaye huzitenganisha ruhusa: kusimamia machapisho ni ruhusa moja, kusimamia watumiaji ni nyingine, kubadilisha mipangilio ni ya tatu, na kuingiza au kutoa data kwa wingi ni ya nne. Mwenye ramani anaweza kumpa mtu moja na kumnyima tatu.

Machi 2010, Hersman na wenzake walifungua iHub katika jengo la Bishop Magua Centre, Ngong Road, ukumbi ambao vijana wa programu waliufanya makao yao. Wanachama waligawanywa kwa rangi tatu. Weupe walikuwa wa mtandaoni tu. Wa kijani waliomba na wakikubaliwa waliingia ukumbini bila malipo. Wekundu walilipia meza za kufanyia kazi. Ngazi hizo tatu ziliwatosha maelfu ya wanachama, kwa sababu mgeni mpya hakutungiwa masharti yake binafsi. Aliingizwa katika rangi ambayo masharti yake yalikuwa yameshaandikwa. Kampuni nyingi zilizozaliwa katika mazingira yale ziliandika programu nzuri na kulisahau somo lile la mlangoni.

Hesabu ya kuzidisha

Leo kampuni za programu zimeenea Kilimani, Lavington, Kileleshwa na Westlands hadi Karen. Tuchukue moja ya kubuni, ya watu 30, katika ghorofa kando ya Argwings Kodhek Road. Ina miradi 18: wa sacco, wa shule, wa hospitali, wa shirika lisilo la kiserikali, wa duka la mtandaoni na mingineyo. Kila mradi una hifadhi yake ya msimbo katika GitHub, ubao wake wa kazi katika Jira, chaneli yake katika Slack, folda yake katika Google Drive, na seva ya kukodi.

Miradi 18 mara zana 5 ni orodha 90 za watu. Mfanyakazi mpya anayewekwa kwenye miradi 6 anaandikwa mahali 30. Akiacha kazi baada ya mwaka na nusu, jina lake lapaswa kufutwa mahali 30, na huenda aliyemwandika kwanza ameshahamia kampuni nyingine. Hapo hatujawahesabu wateja walioalikwa kuangalia maendeleo, mwanafunzi wa mafunzo ya kazini, na yule mbunifu wa kujitegemea aliyelipwa kwa nembo moja tu miaka miwili iliyopita.

Orodha hizo hazichafuki kwa nia mbaya. Ni Ijumaa jioni, mteja anataka toleo jipya kabla ya Jumatatu, na kijana aliyebaki ofisini anazuiwa na mfumo: hana ruhusa ya kufanya kazi hii. Anampigia mkuu wake, ambaye yuko ndani ya matatu Waiyaki Way. Mkuu anafungua simu, anaona safu ya ngazi ambazo hajui tofauti zake, anachagua ile ya juu kabisa kwa sababu hiyo haitamsumbua tena. "Nimekuweka admini kwa leo tu," anamwambia. Kazi inakwisha saa nne usiku, mteja anafurahi, na Jumatatu hakuna anayekumbuka kuirudisha ngazi ilipokuwa.

Ngazi zenyewe zimeundwa kwa makini kuliko zinavyotumiwa. GitHub, kwa mfano, ina ngazi tano kwa kila hifadhi ya msimbo: wa kusoma tu, wa kupanga hoja na maombi, wa kuandika, wa kutunza mradi bila kufikia mipangilio ya hatari, na admini, ambaye anaweza hata kuifuta hifadhi yote. Yule kijana wa Ijumaa alihitaji ngazi ya tatu. Amepewa uwezo wa kufuta kazi ya miaka mitatu.

Wahandisi walilionya jambo hili kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walichapisha makala kuhusu kulinda taarifa katika kompyuta, na mojawapo ya kanuni zao ilikuwa kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa ruhusa chache zaidi zinazomtosha kuimaliza. Kanuni hiyo haikutokana na kuwashuku watu. Inapunguza madhara ya kosa, na makosa huwapata hata waaminifu.

Kazi moja, mahali pengi

Mfano mzuri wa kuidhibiti hesabu hii uko Afya House, Cathedral Road, makao ya Wizara ya Afya. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia DHIS2 nchi nzima, mfumo wa takwimu za afya ambao utengenezaji wake unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Zahanati, hospitali na ofisi za afya zikaanza kupeleka ripoti zao kwenye mfumo mmoja kupitia intaneti. Fikiria orodha ya watumiaji: wahudumu, wakuu wa takwimu, wakurugenzi, wafadhili wanaotaka kuona jedwali moja tu, katika maelfu ya vituo.

Kama kila kituo kingetengenezewa ngazi zake, kazi isingekwisha. DHIS2 huligawa swali mara mbili. Kwanza, wadhifa: mtu huyu anafanya kazi gani ndani ya mfumo? Anaingiza data, anaisoma, anafungua akaunti za wengine? Pili, mahali: anaifanya kazi hiyo katika kituo gani, au kaunti gani? Mwingiza data wa Dagoretti na mwingiza data wa Lodwar wana wadhifa uleule mmoja, ulioandikwa mara moja. Kinachowatofautisha ni mahali. Wadhifa ukibainika kuwa na kasoro, unarekebishwa mara moja na marekebisho yanawafikia wote wawili.

Uzuri wa mpangilio huo unaonekana nchi inapobadilika. Mwaka 2013 ugatuzi ulianza kazi, na kaunti 47 zikachukua sehemu kubwa ya huduma za afya. Ramani ya mahali ilibidi ipangwe upya. Lakini kazi ya mwingiza data ilibaki kuwa kuingiza data. Penye wadhifa uliotenganishwa na mahali, unabadilisha kimoja bila kukivunja kingine.

Kuna kanuni nyingine humo inayofaa kuigwa: anayesimamia watumiaji hawezi kumpa mtu uwezo ambao yeye mwenyewe hana. Bila kanuni hiyo, mtu mdogo mwenye ruhusa ya kufungua akaunti anajifungulia akaunti kubwa kuliko yake.

Wazo la kugawa ruhusa kwa wadhifa badala ya kwa jina la mtu lilipewa muundo wa kitaalamu mwaka 1992 na David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Zana nyingi za miradi leo zimejengwa juu yake. Kampuni yetu ya Argwings Kodhek inaweza kuitumia bila kununua chochote. Iandike nyadhifa nne: mtazamaji, mtengenezaji, kiongozi wa mradi, admini. Iunde vikundi kwa kila mradi. Katika GitHub, kikundi kinaitwa timu, na timu hupewa ngazi kwenye hifadhi zinazohusika. Jira inaruhusu mpango mmoja wa ruhusa utumiwe na miradi mingi, kwa hiyo badiliko moja kwenye mpango linaigusa miradi yote inayoutumia. Kisha iwekwe sheria moja isiyovunjwa: jina la mtu haliandikwi moja kwa moja kwenye mradi. Linaandikwa kwenye kikundi, na kikundi ndicho kinachoingia kwenye mradi. Zile sehemu 30 za kumwandika mfanyakazi mpya zinapungua kuwa chache mno, na siku ya kuondoka kwake vilevile.

Tahadhari moja tu. Katika GitLab, zana nyingine ya kuhifadhi msimbo, ruhusa hushuka kutoka kikundi cha juu kwenda vya chini. Ukimfanya mtu mmiliki wa kikundi cha juu, anakuwa mmiliki wa kila mradi ulio chini yake, na huwezi kumshusha katika mradi mmoja huku juu ukimwacha alipo. Mjenga muundo asiwaweke watu wengi ngazi ya juu kwa kuona kwamba ni njia ya mkato. Huko wanahitajika wawili au watatu tu.

Admini asiyegusa pesa

Yeyote aliyeunganisha programu na M-Pesa analijua lango la wafanyabiashara la Safaricom. Biashara yenye namba ya malipo hupewa admini wa biashara. Kazi yake ni kufungua akaunti za wenzake na kuwapa nyadhifa zao. Kuhamisha fedha ni kazi ya nyadhifa nyingine, na mpangilio unaruhusu mmoja aanzishe muamala na mwingine auidhinishe. Programu inayotuma malipo kupitia Daraja, njia iliyofunguliwa mwaka 2017 kwa watengenezaji programu, hupewa mtumiaji wake yenyewe na nywila yake, mbali na wanadamu.

Kampuni nyingi huupata mpangilio huo na kuuharibu siku ya kwanza. Mwenye biashara hana muda. Anampa mtengenezaji programu namba yake, nywila yake na hata ujumbe wa uthibitisho unaoingia kwenye simu yake. Kijana mmoja anakuwa admini, mwanzilishi wa malipo na muidhinishaji. Fedha zikipotea, kumbukumbu zitaonyesha jina la mwenye biashara kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nchi imeshalipia somo hili. Mwaka 2015 ilibainika kwamba shilingi milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, zilikuwa zimetoka kinyume cha sheria kupitia mfumo wa fedha wa serikali, IFMIS, ambao makao yake ni Hazina, Harambee Avenue. Katika uchunguzi, swali la nywila liliibuka mara kwa mara: afisa ambaye akaunti yake ilionekana kuidhinisha malipo alisema wengine waliitumia. Mfumo uliotaka watu kadhaa waidhinishe malipo ulikuwa na maana ikiwa tu kila nywila iko mikononi mwa mtu mmoja. Nywila tano zikishikwa na mkono mmoja, idhini tano ni idhini moja.

Waswahili husema cheo ni dhamana. Ahadi ya mwanachama wa chama cha TANU huko Tanzania iliendelea mbele zaidi: ilimkataza mtu kujinufaisha kwa cheo chake, na pia kwa cheo cha mtu mwingine. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa maofisini. Akaunti ya mkubwa ni cheo chake. Anayeiazima anatumia cheo kisicho chake, hata kama mkubwa amempa kwa hiari na kwa haraka ya kazi.

Kwa hiyo akaunti za pamoja zifutwe. Kama kuna akaunti inayoitwa "admin" ambayo watu sita wanaijua nywila yake, kumbukumbu za mfumo hazina thamani yoyote. Zitasema admin aliifuta data, na wote sita watakuwa na haki ya kunyamaza. Kila mtu awe na akaunti yake yenye uthibitisho wa hatua mbili. Admini naye awe na akaunti mbili: ya kazi za kila siku, isiyo na uwezo mkubwa, na ya uadmini, inayofunguliwa panapokuwa na haja.

Siku ya kuondoka

Kumpa mtu ruhusa kuna mdai: mwenye kuihitaji atapiga simu mpaka aipate. Kuiondoa hakuna mdai. Hakuna anayeamka asubuhi akalalamika kwamba bado ana uwezo mwingi mno. Kwa sababu hiyo uondoaji lazima ufungwe kwenye tukio ambalo litatokea tu, kama malipo ya mwisho ya mshahara.

Wakenya wengi wamejifunzia uadmini kwenye grupu za WhatsApp za chama na za harusi. Admini pekee akijitoa, programu humteua mwanachama mwingine yenyewe, na asubuhi yake shangazi asiyejua kitu anajikuta ndiye mwenye mamlaka ya kuwatoa watu. Katika miradi ya programu hali ni mbaya kuliko hiyo, kwa kuwa mara nyingi hakuna anayeteuliwa. Mmiliki pekee wa akaunti ya kampuni akiondoka na namba ya simu inayopokea uthibitisho, kampuni hubaki nje ya mali yake. GitHub yenyewe hushauri kila shirika liwe na wamiliki wasiopungua wawili. Wawili ni wa lazima. Saba ni dalili ya uzembe.

Wasahaulikao zaidi ni washirika wa nje, walioalikwa kwenye hifadhi moja bila kuwa wanachama wa shirika. Hawamo katika orodha ya wafanyakazi, kwa hiyo ofisi ya rasilimali watu haiwajui. Pamoja nao kuna funguo za programu na tokeni, ambazo mtu alizitengeneza akiwa kazini na zikanakiliwa kwenye seva. Akaunti yake ikifungwa bila kuangalia, ama huduma ya mteja inakatika, ama funguo zinaendelea kufanya kazi kwa jina la mtu ambaye hayupo.

Mwaka 2017 suala hili lilifika mahali pa uchungu. Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya IEBC, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi. Siku moja baada ya kura, upinzani ulidai kwamba utambulisho wake ulitumika kuingia kwenye mfumo. Tume ilikanusha kwamba mfumo uliingiliwa. Hatuamui hapa nani alisema kweli. Lakini taasisi yoyote inapaswa kuweza kusema, kwa saa na dakika, akaunti ya mtu aliyefariki ilifungwa lini na nani aliifunga. Jibu hilo likiwa kwenye karatasi, madai kama yale hayapati pa kusimama.

Sheria inavyolitazama

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, inamtaka mwenye data ya watu aipange kazi yake tangu mwanzo ili data isifikiwe na watu wengi kuliko inavyohitajika. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na pakawa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kampuni ya programu, ambayo kwa kawaida huchakata data kwa niaba ya mteja, inatakiwa imjulishe mteja huyo bila kuchelewa, ndani ya saa 48 ikiwezekana. Faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo.

Saa 48 si nyingi kwa kampuni yenye orodha 90. Muda huo hautoshi kuanza kuuliza nani alikuwa na ruhusa gani.

Wafanyakazi nao hawajaachwa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamfanya mkosaji anayeingia kwenye mfumo bila idhini, na pia anayetoa nywila kwa makusudi bila mamlaka. Adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo aliyeacha kazi na bado ana ufikiaji anabeba hatari asiyoiomba. Kumfungia akaunti ni kumkinga yeye pia.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kampuni yenye miradi mingi, daftari hilo laweza kuwa jedwali la kawaida lenye safu sita: jina, mradi, wadhifa, tarehe ya kupewa, aliyeidhinisha, tarehe ya kwisha. Safu ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Uadmini usio na tarehe ya kwisha usitolewe kwa mtu yeyote isipokuwa wamiliki wawili. Yule kijana wa Ijumaa apewe ngazi anayoihitaji hadi Jumatatu saa tatu asubuhi, na aliyempa aandikwe.

Kila robo ya mwaka, kiongozi wa kila mradi aletewe orodha ya watu wa mradi wake na aweke sahihi mbele ya kila jina analotaka libaki. Asiyewekewa sahihi aondolewe. Utaratibu huu unaugeuza mzigo: kuanzia hapo, anayetaka mtu abaki ndiye atakayepiga simu. Aliyetoa ruhusa asiwe ndiye anayeikagua. Na mkurugenzi awe wa kwanza kuvuliwa uadmini asioutumia, kwa maana wafanyakazi hawataisikiliza sheria ambayo mwenye nyumba ameiruka.

Kuna atakayesema kwamba haya ni ya makampuni makubwa, na kwamba kampuni changa ina haraka ya kutafuta wateja. Haraka hiyo ndiyo sababu ya kuanza mapema. Miradi mitatu inapangwa mchana mmoja. Miradi 18 iliyoachwa miaka mitano itahitaji mtu wa kukaa nayo wiki kadhaa, akiuliza wanaokumbuka nusu ya mambo.

Tarehe 5 Septemba 2022, Mahakama ya Juu ilirudi kwenye suala lilelile. Safari hii majaji waliyathibitisha matokeo ya urais kwa kauli moja, wakaambatanisha mapendekezo. Seva za uchaguzi zitenganishwe na seva za kazi za kawaida za tume. Katika kipindi cha uchaguzi, ufikiaji wa seva zinazopitisha na kuhifadhi fomu za matokeo uachiwe wafanyakazi wa tume pekee, ila pale panapokuwa na ulazima kamili. Kwa lugha ya sura hii: tenganisheni vyumba, punguzeni maadmini.

Mapendekezo hayo hayagharimu chochote kwa kampuni ya Kilimani au Westlands. Ikiwa unaongoza moja, fungua leo orodha ya wamiliki wa akaunti kuu ya miradi yako. Kila jina usiloweza kueleza kazi yake kwa sentensi moja, liondoe kabla ya kutoka ofisini.